Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wavuvi, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu, nyinyi wa Amu, Shela na Matondoni, na nyinyi mliovuka kutoka Kizingitini na Kiunga.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari ya barafu mtaisikia kwa katibu. Mimi nina jambo moja: kamati yetu ya siasa, na kwa nini nawaomba muichangie.

Najua neno siasa linawakirihi wengi. Mzee mmoja aliniambia tukishona jarife, "Sisi kazi yetu bahari, siasa tuwaachie wenyewe." Nikamuuliza, bandari kuwekwa Kililana iliamua bahari, au waliamua watu waliokaa mezani sisi hatupo?

Kesi ya bandari ilifunguliwa 2012. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka 2018: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini ni miaka sita kortini, kisha rufaa na mazungumzo juu yake, na uchimbaji haukutungoja. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Fidia ni haki yetu, ila haimrudishi samaki mahali alipokuwa akizalia. Korti huja jambo likishatendeka. Kamati ya siasa tumeiunda ifike kabla.

Na mlango upo. Katiba ya 2010 imeyaweka mengi ya uvuvi mikononi mwa kaunti, na inalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia 30 Aprili na hutakiwa kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Angalieni majira hayo: kusi inakaza, vyombo vingi viko juu pwani. Wakati fedha za madiko, yaani mahali pa kushushia samaki, zinapogawanywa, sisi tuko nyumbani!

Mwaka huu wanakamati watano walikwenda kutoa maoni. Nauli walijilipia. Wawili kati yao walilala kwa jamaa, kwa kuwa mashua ya kurudi iliwaacha. Hilo limeniuma sana, maana walikwenda kutusemea sote.

Wapo wanaohofia kwamba ada zetu zitaishia kwa wanasiasa. Hofu hiyo ni ya haki. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vimelipitia jambo hili: shirikisho la CIO liliunda kamati yake ya siasa 1943, chini ya Sidney Hillman, na hadi leo sheria ya huko hairuhusu ada ya chama kupewa mgombea wa urais wala wa bunge la taifa. Mchango huo hutoka kwa hiari ya mwanachama, katika mfuko wake mbali. Sisi tunapendekeza mfuko wa mbali vilevile, na tunakaza zaidi: mgombea hapewi hata senti. Fedha ni za nauli, karatasi, na wakili wa kutusomea miswada.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kamati itamtaka kila mgombea wa wadi na wa ugavana ajibu kwa maandishi kuhusu madiko, fidia na vibali vya uvuvi, na majibu tutayabandika bandani. Kura ni yako, mpe umtakaye.

Tunaomba shilingi 100 kwa mwezi kwa anayeweza. Daftari liko kwa mweka hazina, pale mlangoni. Jina langu nimeliandika la kwanza, na nafasi mbili za wajumbe kutoka Kiunga na Faza bado hazina mtu.