Yah: Boksi la vigae (vipande vya vyungu vya kale) lililolowa mawese ndani ya basi lenu la Kigoma–Tabora

Tabora,
21 Agosti

Meneja wa Mizigo,
Kampuni ya Mabasi,
Ofisi ya Stendi,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa akiolojia. Likizo hii tulikuwa Uvinza kwa mafunzo ya uchimbaji, wiki nne, na nilipewa kazi ya kutunza rejista. Hakuna kilichotoka shimoni kikaingia mfukoni bila kupita kwenye daftari langu. Tarehe 12 Agosti nilikabidhi boksi moja kwa wakala wenu pale Uvinza, lipakiwe kwenye basi linalotoka Kigoma kuja Tabora, kwa kuwa gari letu lilikuwa limejaa majembe, machekeche na mahema. Nililipa shilingi 8,000, nikapewa risiti. Wakala aliniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia ni vigae na mkaa wa kale, visilowe na visiwekewe kitu juu. Yeye akaandika "vyombo". Nilimwona akiandika na nikanyamaza. Hapo na mimi nina kosa, ninalikiri.

Jioni yake, stendi ya Tabora, kijana wa mizigo alipolivuta boksi kutoka kwenye buti, kitako kilibaki sakafuni. Kilikuwa kimekuwa chekundu. Juu ya mzigo wangu lilikuwa limelazwa dumu la mawese la lita 20 ambalo halikuwa na kifuniko, limezibwa kwa mfuko wa nailoni na kamba ya mpira. Kuanzia Uvinza, Nguruka, Kaliua hadi Urambo, kila tuta la barabarani lilikuwa linamimina kidogo.

Nilipolalamika, karani wenu alichukua kigae kimoja, akakigeuza, akaniuliza: "Dada, mbona hivi vilikuwa vimeshavunjika?" Watu wakacheka. Kusema kweli na mimi nilicheka, maana kwa anayeviona mara ya kwanza swali hilo ni halali kabisa. Kilichoniudhi ni kwamba siku tatu baadaye ofisi yenu ilinipigia simu ikirudia hoja ileile, safari hii bila utani: kwamba vyungu vilivunjika kabla ya kupakiwa, hivyo kampuni haidaiwi kitu zaidi ya nauli ya mzigo.

Ndugu Meneja, sikudai vyungu. Vyungu hivyo vilivunjika zamani sana na waliovivunja hatuna ugomvi nao.

Unajua chumvi ya Uvinza, kila mtu wa Kigoma anaijua. Watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi zile miaka ya 1960 na wakaonyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi pale tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo, karne nyingi kabla ya misafara ya pembe kupita kwenda Ujiji. Sisi wanafunzi tulipewa swali dogo tu la kujifunzia: kati ya vigae tunavyopata, vipi ni vya vyungu vilivyochemshia chumvi, na vipi ni vya vyungu vilivyopikia mboga ya hao wachemshaji? Kwa macho huwezi kujua. Lakini udongo uliochomwa una vitundu, na chungu kikipika samaki au nyama, mafuta huingia ndani ya kuta zake na kukaa humo kwa karne nyingi. Maabara inaweza kuyatoa na kuyasoma. Sasa vigae vyangu vikisomwa vitasema kitu kimoja tu: mawese.

Na tulivyohangaika kuvilinda! Vigae vya kipimo hicho haviruhusiwi kuoshwa, wala kushikwa kwa mkono mtupu, wala kuwekwa kwenye plastiki. Tulikatazwa hata mafuta ya kujipaka. Mwezi mzima wa kiangazi, upepo wa Malagarasi na vumbi lake, mikono yetu imepauka kama ya mtu aliyetoka kukanda unga, na kila jioni mtu anatazama kikopo chake cha mafuta kwa huzuni. Rafiki yangu mmoja alijisahau, akapaka mikono kidogo tu, akaondolewa kwenye shimo siku mbili, akapelekwa kuchekecha udongo. Siku mbili kwa mafuta ya ncha ya kidole. Ninyi mmemwaga sijui lita ngapi.

Mkaa nao una shida yake. Vipande tulivitoa kwa ncha ya mwiko, tukavifunga kwenye foili, kila kimoja na namba ya shimo, tabaka na kina chake. Umri wa mkaa hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni ambayo mti ukishakufa hupungua ndani yake kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Mawese ya mwaka huu yana kaboni ya mwaka huu. Yakiingia kwenye mkaa wa kale yanaufanya uonekane kijana kuliko ulivyo. Sitaki kutia chumvi: foili nyingine zilizuia, na mafuta yanaweza kuoshwa kwa kemikali kabla ya kupima. Lakini kuosha huko ni gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mafunzo.

Hayo ni ya dumu. Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Boksi nilifunga kwa selotepu nyeupe, likafika na selotepu ya kahawia. Mtu alilifungua njiani. Kwenye rejista yangu kuna mifuko 64. Iliyofika ikiwa na lebo inayosomeka ni 51. Mingine tisa lebo zake ziliandikwa kwa kalamu ya wino na zimefutika (nyingine zilikuwa za penseli, namshukuru mwalimu aliyetugombeza siku ya kwanza). Mifuko minne haipo. Yote minne ilikuwa na mawe yaliyopasuka kwa moto, na nadhani aliyefungua aliona kokoto, akazimwaga. Kigae kisicho na lebo bado ni kigae, ila hakiwezi tena kutuambia kilitoka shimo gani, juu au chini ya tabaka la jivu. Ndiyo maana sijali sana kwamba "vilikuwa vimeshavunjika".

Risiti yenu imeandikwa nyuma kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenye mali. Hatari ya njiani naielewa, kama vile pancha au mvua. Kulaza dumu lisilo na kifuniko juu ya boksi la mtu, na kulifungua bila yeye kuwepo, ni uamuzi wa watu wenu. Isitoshe, mwenye mali si mimi. Vitu hivi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na tulivichimba kwa kibali. Kwa hiyo ile ahadi ya ofisi yenu ya kunirudishia nauli mara mbili "tuyamalize" siwezi kuipokea, maana sina mamlaka ya kupatana bei.

Ninachoomba ni maelezo ya maandishi ya nani alifungua boksi, na katika kituo kipi. Waulizeni vijana wa mizigo wa Nguruka, Kaliua na Urambo kuhusu mifuko minne ya khaki. Hata kama mawe yalimwagwa, kujua yalipomwagwa kunasaidia kufunga hesabu ya rejista. Gharama za kuosha mkaa mtaletewa na mkuu wa mafunzo, pamoja na picha. Na mawese yapewe sehemu yake kwenye buti, chini, yakiwa na kifuniko.

Boksi lenyewe nimelihifadhi kama lilivyo. Mkitaka kuja kulikagua, lipo Tabora hadi chuo kitakapofunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi mtunza rejista,
Mafunzo ya Uchimbaji, Uvinza

Nakala: Mkuu wa Mafunzo