Barua ya wazi kwa Afisa Biashara: kuna mtu anauza taa za wavuvi kwa jina langu

Mheshimiwa Afisa Biashara wa halmashauri yetu,

Shikamoo. Najua una mafaili mengi mezani, na mimi ile benchi ya nje ya ofisi yako nimeshaikalia mara tatu, mara ya kwanza ulikuwa kwenye kikao, ya pili ulikuwa fildi, ya tatu nikaambiwa umetoka sasa hivi tu ningewahi dakika tano ningekukuta. Kwa hiyo kuandika huku hadharani sio kukukosea adabu, ni kwamba giza lijalo linaanza wiki ijayo na giza halisubiri mtu.

Kwa wasiokaa ziwani, giza ndio msimu wa kazi ya dagaa. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapanda nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala na wake zao, mwezi ukishafifia wanarudi majini usiku na taa zao. Mimi kalenda yangu ni hiyohiyo, siku za mbalamwezi natengeneza na kurekebisha, siku za giza naomba Mungu simu isiite usiku.

Nina kakampuni kadogo, watu wanne ukinihesabu na mimi, tupo chumba kimoja huku mlimani kilichoegemea jiwe kubwa (Mwanza nzima imeegemea jiwe, najua, lakini letu ni kubwa kweli). Tunaunda taa za sola za kuvulia dagaa. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa yanapanda bei kila kukicha, upepo ukija kioo kinapasuka, sasa hivi watu wengi wamehamia kwenye betri na balbu za LED, mchana unachaji juani usiku unaingia nayo. Tunanunua balbu, tunanunua betri nzima, tunaunganisha, tunafunga kwenye boksi lisilopitisha maji, tunabandika stika. Jina la kampuni sitaliandika hapa, na ni makusudi, kwa sababu nikilitaja namtangazia na yeye bure.

Logo yetu ni karabai yenye macho mawili inacheka. Aliichora binti yangu akiwa darasa la tano, jicho la kushoto likatoka kubwa kuliko la kulia. Kijana wa dizaini pale nilipoprinti stika za kwanza alitaka kulinyoosha kwenye kompyuta nikamwambia acha hivyohivyo, hilo jicho ndilo langu. Nilikuwa natania tu siku ile. Leo hilo jicho ndio shahidi wangu wa kwanza.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, katikati ya giza, ameshuka mzee mmoja wa Ukerewe na meli ya asubuhi kutoka Nansio, ana kiroba begani, akaingia hajasalimia, akamwaga taa nne mezani kwangu. Akasema, "Fundi, umetulaza njaa, na kidogo tu utulaze chini ya maji." Alinunua nne, tatu zimezimika kabla ya saa nane usiku, wapo mbali, wavu uko majini, hawaoni chochote, na wanasikia injini ya mtumbwi mwingine inakuja upande wao, vijana wake wakasimama wanapunga tochi za simu na kupiga kelele mpaka ile injini ikakata kona. Ananisimulia mikono inatetemeka, mtu mzima, amevua tangu sijazaliwa.

Nilichukua bisibisi nikafungua moja mbele yake. Ndani nimekuta seli za betri za laptop chakavu zimekusanywa na kufungwa selotepu, hakuna hata kale kabodi kanakozuia betri isichajiwe kupita kiasi, waya mwembamba kama wa redio, gundi imepakwa ovyo na maji yameshaingia. Nje stika yangu. Karabai inacheka. Jicho la kushoto kubwa.

Hapa nakiri kitu ambacho kinaniuma kuliko hata hasara. Wazo langu la kwanza lilikuwa kijana wangu, yule ninayemwachia funguo, kwamba anaiba stika usiku anaunda taa zake za pembeni. Nikamwita mbele ya wenzake nikamsema. Hakujibu kitu, alivua tu aproni akaiweka mezani akaondoka. Jioni ndio nimetulia naangalia vizuri, namba ya simu chini ya stika sio yangu, na ndani ya kifuniko hakuna namba ya taa, maana sisi kila taa tunaiandika kwa maka peni kwa ndani, tarehe na herufi ya fundi aliyeifunga. Nilienda kwao usiku uleule kuomba radhi, mama yake ndiye aliyenifungulia na hakunikaribisha kukaa. Kijana amerudi kazini lakini funguo amekataa kushika tena. Huyo mtu wa stika hilo nalo kanifanyia, na sijui linaandikwa kwenye fomu gani.

Kesho yake nikapiga ile namba. Nikajifanya mteja.

"Karibu sana bosi, hapa umefika kwa wenyewe. Ila kuwa makini, siku hizi kuna matapeli wanauza feki zetu."

Wallahi nilicheka, nikaziba simu na mkono. Nikamuuliza mko wapi nije. Akasema tupo mlimani, kwenye jiwe, ukishuka kwenye daladala muulize mtu yeyote. Yaani anamwelekeza mteja kwangu! Hayo ni maneno yangu mwenyewe ninayowaambia watu kwenye simu. Nikamwambia basi mimi ndio nipo kwenye jiwe, mbona sikuoni? Akanyamaza kidogo halafu akaniambia taratibu kabisa, bila hata kupandisha sauti, "Kaka, jina ni la kila mtu. Wewe una hati ya nembo?" Akakata.

Nikaenda polisi, wakanisikiliza vizuri, wakasema hili linaonekana la madai, anzia kwa watu wa biashara. Nikaja kwako, ndio ile benchi. Kijana wako wa kaunta alichukua leseni yangu akaigeuza mbele na nyuma akaniambia leseni yako iko hai mzee, huna kosa lolote. Nikamwambia mwanangu mimi sijashtakiwa, mimi ndio nimeibiwa. Akaniangalia kwa huruma akasema njoo Jumatatu.

Bahati nzuri shemeji yangu ana rafiki mwanasheria, akanieleza tukiwa tunakunywa chai ya rangi kitu ambacho nilitakiwa kuelezwa miaka sita iliyopita. Kumbe ile karatasi ya BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) niliyofremu ukutani nikaipigia picha, ni usajili wa jina la biashara. Inasema mimi fulani nafanya biashara kwa jina hili, basi. Nembo ni kitu kingine kabisa, inasajiliwa BRELA hapohapo lakini kwa ombi lingine, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili wake wa kwanza unadumu miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka kumi kumi. Na bidhaa zimegawanywa kwa madaraja, sio unasajili mara moja dunia nzima inakuwa yako, taa ziko daraja la 11, betri na paneli za sola ziko daraja la 9, kwa hiyo mimi ninayeuza vyote viwili natakiwa nifikirie vyote viwili. Ukishaomba wanaipitia, wanaitangaza siku 60 ili mwenye pingamizi aseme, ndio unapata cheti. Na cheti hicho ni cha bara tu, Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao. Ukiwa nacho ndio unakuwa na nguvu ya kwenda Tume ya Ushindani, ambao ndio wanashughulika na bidhaa feki, ukawaambia hiki hapa ndicho changu na kile pale ndicho kilichoigwa.

Nikamuuliza sasa mimi nisiye na cheti ndio nimekwisha? Akasema hapana, mtu akiuza mali yake kwa kujifanya ni wewe bado unaweza kumdai mahakamani hata kama nembo haijasajiliwa, ila wewe ndiye utabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba watu walikuwa wanaijua hiyo nembo kuwa ni yako kabla yake. Risiti za zamani, picha za zamani, mashahidi. Nimekusanya. Nina daftari la wateja tangu taa ya kwanza, nina ile karatasi ya daftari la shule binti aliyochorea, nyuma yake kuna hesabu za mafungu alizokosa mbili.

Ombi la nembo nimeshapeleka, madaraja yote mawili. Kosa la kuchelewa ni langu na sikusukumii wewe.

Kuna wenzangu wananiambia muache kijana wa watu anatafuta riziki, kwani wewe taa uligundua wewe? Sikugundua. Nitasema ukweli, taa yangu ya kwanza nilijifunza kwa kufungua ya Mchina iliyokufa, nikachora ile saketi kwenye boksi la viatu, nikaiga, nikaunguza vitu, nikaiga tena mpaka ikawaka. Akiiga saketi yangu nitamkaribisha chai nimwonyeshe na pale ninapokosea mimi mwenyewe. Lakini abandike jina lake. Taa ikizimika saa nane usiku huko Ukara au Irugwa, mvuvi ajue anamfuata nani na kiroba. Mimi jina langu likiwa kwenye taa maana yake ni kwamba ukipata tabu kuna mlango wa kugonga, na yule mzee alikuja moja kwa moja kugonga, masaa matatu na nusu kwenye meli kuja kumgombeza mtu asiyehusika, na aliyehusika yuko mahali amekaa anasema jihadharini na feki.

Kwa hiyo Mheshimiwa, ninachokuomba. Kukagua leseni na kuingia dukani kuuliza mzigo huu umenunua wapi na risiti iko wapi, hilo liko kwenye kazi zako hata bila cheti changu cha nembo. Nenda mialoni, pale mitumbwi inapotia nanga, kabla ya giza, nenda na pale zinapouzwa taa karibu na soko la dagaa la Mwaloni, mimi nitakuja na bisibisi yangu na mita, hatuhitaji maabara, tunafungua moja mbele ya mwenye duka na mbele ya wavuvi, kila mtu ataona. Wenye maduka wengi naamini hawajui, wameletewa mzigo wa bei nzuri wakapokea. Asiyeweza kusema kauletewa na nani, huyo ndio umuulize zaidi.

La pili ni dogo na halina gharama. Pale kaunta ya leseni ukutani kuna karatasi ya kukataza kuongea na simu, kuna ya saa za kazi, kuna kalenda ya mwaka juzi. Toa ile kalenda. Weka karatasi moja, maandishi makubwa, kwamba kusajili jina la biashara sio kusajili nembo, na nembo inaombwa wapi. Mama anayesindika karanga, kijana mwenye sabuni, wale wa dagaa wa kukaanga wa pakiti, wote wanapita pale kwako kulipia leseni na wote wanatoka na amani kama niliyokuwa nayo mimi.

Yule mzee wa Ukerewe taa zake nne nimezirekebisha, nimetoa uchafu wote nikaweka betri zangu, bure, mke wangu hajafurahi na nina uhakika atasoma hapa. Nilipotaka kubandua zile stika za uongo mzee akanishika mkono. Akasema, "Acha. Ukibandua nitajuaje ni yako?" Nikafungua kifuniko nikaandika kwa ndani kwa maka peni, tarehe na herufi yangu, nikafunga. Zimerudi Nansio hivyohivyo, stika ya mwizi nje, mimi ndani.

Moja ya zile zilizokufa sehemu zake nimezihifadhi kwenye mfuko, pamoja na ile namba ya simu ya kwenye stika. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi. Ukishuka kwenye daladala muulize mtu yeyote, kwenye jiwe.

Wako mtiifu,
Fundi taa, Mwanza