Njia za baiskeli Usambara zipo tayari, tuwekeeni vibao tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu baiskeli na milima ya Usambara. Kila kiangazi naona makundi ya wapanda baiskeli, Wabongo na wageni, wanashuka kwenye basi pale Mombo wanaunga moja kwa moja na lami ya kwenda Lushoto kana kwamba milima yote ile ina barabara hiyo moja, alafu wakirudi wanasema pazuri sana ila malori yanatisha. Sasa yasitishe kwanini? Hiyo ndo barabara inayobeba kila kitu, kabichi, karoti, mbao, kosta za abiria, Noah, bodaboda zilizobeba abiria mishikaki, wote kwenye kalami kembamba kalikochongwa ubavuni mwa mlima, huku mwamba huku bonde.

Sisemi ni mbaya. Ni kama kilomita 33 toka Mombo mpaka Lushoto mjini, unaanzia kwenye joto la mkonge mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari unaishia mita kama 1,400, ukipiga hesabu ni mwinuko wa asilimia tatu hivi kwa wastani, mtu mwenye gia nyepesi na asiye na papara anapanda bila kushuka kukokota, na kadiri unavyopanda hewa inapoa, maana kila mita elfu moja joto linashuka karibu nyuzi sita. Ila uianze alfajiri kabla magari hayajachangamka, usimame Soni kwenye maporomoko unywe chai, uondoke. Kukaa siku nzima unapanda na kushuka hiyo hiyo lami wakati raha iko pembeni ndo kitu sikielewi.

Raha yenyewe iko hivi. Pale Soni inachepuka barabara ya kwenda Bumbuli, ukishaiingia honi zinakatika hapo hapo, unapita migombani, unapita mashamba ya mahindi na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo we mwenyewe usingethubutu kusimama, na ukifika upande wa Bumbuli unaanza kukutana na chai. Upande huohuo wa Soni kuna Vuga, ilipokuwa makao ya kina Kimweri enzi za ufalme wa Wasambaa, na ukipaona palivyokaa juu unaelewa wale wazee walijua wanachofanya. Gari unaliona moja moja. Wanaojaza barabara ni wanafunzi na akina mama wenye mizigo kichwani, nao ukiwaambia onga maundo wanacheka wanakuitikia, usipowasalimia wanakushangaa, na ukweli ni kwamba kengele ya baiskeli kule haina kazi kubwa kama salamu.

Njia ya pili, na kwangu mimi ndo mfalme, ni Lushoto kwenda Mtae. Unapanda kwanza mpaka Magamba, unaingia msitu wa asili, baridi kabisa, mbega wako juu ya miti, alafu unatokea kwenye misonobari na mashamba ya mboga ya upande wa Shume, unaendelea na mgongo wa mlima unapanda unashuka, unapanda unashuka, mpaka barabara inakuishia Mtae ukingoni kabisa na chini yako kuna tambarare ya Mkomazi. Ni kama kilomita 60 hivi kwenda tu kwahiyo usijidanganye utaenda na kurudi siku moja kama huna miguu ya mashindano, lala kule, kuna vyumba, kuna wali maharage. Na huko nako watu wanapita na Land Cruiser vioo vimefungwa! Wanaona nini?

Mlalo nako kwa baiskeli kuna uzuri wake, sitaki kuingia huko barua itakuwa ndefu.

Sasa malalamiko. Njia hizi zipo, zimechongwa zamani, zingine tangu Mjerumani alipoiita Lushoto Wilhelmstal, hatuhitaji mkopo wala mkandarasi kutujengea njia ya baiskeli. Tunachokosa ni vibao. Ukishatoka kwenye lami kuu kila kijiji kina njia panda na hakuna kibao kinachosema hii inaenda wapi, kilomita ngapi, na kama mbele kuna mlima wa kukumaliza. Ramani ya simu usiiamini sana, ina tabia ya kukuchorea mstari mzuri kumbe ni kinjia cha kwenda shambani kwa mtu, unajikuta umebeba baiskeli begani unashuka kwenye makingamaji ya watu, na mtandao kule kwenye mabonde unakata ukiuhitaji. Utaambiwa uliza wenyeji. Ni kweli wenyeji wanakuelekeza vizuri tu, lakini mwenyeji anayetembea kwa mguu tangu utoto ukimuuliza ni mbali atakwambia ni hapo tu, na hapo tu ya Usambara kaka inaweza ikakulia saa mbili.

La pili ni matuta. Kuweka tuta karibu na shule naunga mkono kwa mikono miwili, watoto wetu wanapita pale. Ila tuta liwe na mteremko wa kueleweka, lipakwe rangi, na kibao kiwe mita kadhaa kabla, sio unashuka kona umebana breki unakutana na ukuta. Baiskeli haina shokapu za lori. Na wale wanaomwaga kokoto za ukarabati kwenye kona alafu wanaziacha wiki nzima bila alama, jamani, gari litateleza kidogo lakini wa baiskeli ataenda bondeni. Mifereji pia, maji ya masika yasipopelekwa pembeni yanakata barabara ya vumbi katikati na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya, kwahiyo Machi mpaka Mei mimi kule siendi na simshauri mtu, Juni mpaka Septemba ndo wakati wake japo asubuhi ukungu unakuwa mzito, uwe na taa.

Na nyie wapanda baiskeli wenzangu nanyi msikie. Mteremko mrefu ule hauukamati breki mwanzo mwisho, rimu inapata moto na zile raba zinaisha, bana achia bana achia, ukihisi mkono umechoka simama uangalie mabonde, hulipii. Tairi nyembamba za lami acheni Dar, kule chukua tairi pana. Spea beba mwenyewe, maana dukani utapata tyubu za 26 na 28 za Phoenix lakini ile nyembamba yenye valvu ndefu sahau.

Kuna wanaosema milima haifai kwa baiskeli, baiskeli ni ya Shinyanga na Tabora kwenye tambarare. Hao waangalie Rwanda. Nchi nzima vilima, wakavishika hivyohivyo, wana Tour du Rwanda kila mwaka, na Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kuja Afrika, wanaume wakapigishwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka na Pogačar wa Slovenia akachukua. Vilima ndo vilivyowapeleka watu pale. Sisemi tulete mashindano Lushoto, mi binafsi sitaki hata, kelele zitaharibu kile ninachokifuata.

Alafu kabla halijaanza niliseme: isije ikawa tukishaweka vibao ndo mtu anaweka na kizuizi cha kamba adai hela ya kupita. Vinjia vya ndani ya hifadhi ya Magamba vina utaratibu wake wa kiingilio na kiongozi, sawa, msitu unatunzwa kwa hela hiyo. Barabara ya umma inayopita katikati ya vijiji ni ya umma. Hela itabaki kijijini kwa chai, ndizi, plamsi zikiwa msimu, chumba cha kulala na fundi wa kuziba pancha.

Kwahiyo ombi langu kwa halmashauri za Lushoto na Bumbuli, na kwa wakala wa barabara, TARURA na TANROADS, kila mmoja kwenye barabara zake: anzeni na njia panda ya Soni ya kwenda Bumbuli na ile ya Magamba ambapo barabara zinagawana. Kibao cha mbao kinatosha, mbao ziko hukohuko, kiandikwe jina la kijiji kinachofuata, kilomita, na mshale wa kupanda au kushuka. Serikali za vijiji zikipewa rangi na misumari zinaweza zikamaliza kazi hiyo kabla ya vuli.

Mpanda baiskeli,
Korogwe, Tanga