Rubani aliyeazimwa ni wa nani?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juma lililopita, ile ya marubani waliokataa kuazimwa, yaani kupelekwa kwa muda na shirika lao la ndege kurushia kampuni tanzu inayomilikiwa na shirika hilohilo, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu ametuita watu wa kuringia mishahara. Kaandika kwamba kuazimwa ni fursa, kwamba anga ni ileile na leseni ni ileile, basi kelele za nini. Katika aya zote zile hakuna rubani hata mmoja aliyehojiwa ambaye amewahi kuazimwa. Mimi niliazimwa miaka mitatu.

Kampuni mama huanzisha kampuni tanzu ili ipambane na washindani kwa nauli ya chini. Nafuu hiyo lazima itoke mahali. Mafuta hayashuki bei kwa kuwa mkia wa ndege umepakwa rangi nyingine, wala ada za viwanja. Kwa hiyo mkono unakwenda kwa wafanyakazi. Mkataba wa hali bora uliojadiliwa na chama chetu kwa miaka unaachwa kwa kampuni mama, na kwa kampuni tanzu unakuta posho zinahesabiwa kivingine, siku za mapumziko zimepungua na safari za kutwa zimeongezwa. Mwezi Septemba 2014 marubani wa Air France waligoma wiki mbili kwa sababu ya mpango wa kuikuza Transavia, kampuni yake tanzu ya nauli nafuu, na sehemu kubwa ya madai yao ilikuwa mkataba mmoja kwa marubani wa pande zote mbili. Magazeti mengi wakati ule yalihesabu hasara ya kampuni. Mwandishi wenu naye kafuata njia hiyohiyo.

Halafu kuna tange, yaani orodha ya ukongwe kazini, ambayo taarifa yenu haikuigusa kabisa. Kwa rubani, namba yake kwenye tange ndiyo inayoamua ataruka ndege gani, atapata likizo lini, atahamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, mwaka gani, na kazi ikipungua nani aanze kupunguzwa. Namba hiyo haihamishiki. Ukiacha kazi ukaenda shirika jingine, hata kama una saa 10,000 za urukaji, mara nyingi unaanzia chini kabisa pamoja na vijana waliotoka chuoni. Ndiyo maana lile swali la mwandishi wenu, kwamba mbona wasioridhika hawaondoki, limeniuma. Hatuondoki kwa sababu tungeacha nyuma miaka yetu yote ya kazi.

Sasa nisimulie usiku mmoja tu, wa mwaka wangu wa pili kule. Tulikuwa tumeripoti kazini saa kumi alfajiri, mimi na rubani msaidizi, kijana makini sana. Tulikuwa tumeshatua mara nne, tukacheleweshwa kwa hitilafu ya mlango wa mizigo, kisha tukaambiwa ipo safari ya tano kwa kuwa wenzetu wa zamu iliyofuata hawajafika. Katika safari ya nne yule kijana alirudia vibaya mara mbili kimo alichopewa na mwongoza ndege. Mimi mwenyewe nilijikuta nikisoma orodha ya ukaguzi niliyokwisha kuisoma. Nikasema hatupai, tumechoka. Nikapiga simu ofisi ya ratiba ya kampuni tanzu kutoa taarifa ya uchovu. Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa kampuni mama, taarifa hiyo niipeleke kwetu. Nikapiga kampuni mama. Aliyepokea alitafuta jina langu, akaniambia hanioni kwenye ratiba yao, kwa hiyo hana la kunisaidia, niongee na hao walionipa kazi. Nikarudi kwa wa kwanza, nao wakanirudisha kwa wa pili. Abiria walikuwa wameshapanda na kufunga mikanda. Nilisimama kwenye ngazi za ndege na simu mkononi, mtu mzima niliyekabidhiwa roho za watu, na hapakuwa na hata mmoja wa kuniambia kwamba mimi ni wake. Nilikataa kuruka, kwa kuwa sheria inampa kapteni haki hiyo, na ningekataa tena leo. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya kunitaka nijieleze kwa kuahirisha safari. Ilikuwa na nembo za kampuni zote mbili. Usiku ule sikuwa na mwajiri, na siku ya kuhojiwa nikawa nao wawili!

Msidhani hili ni jambo la ofisi tu. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinamwekea rubani kikomo cha saa 100 za urukaji ndani ya siku 28 mfululizo na saa 900 kwa mwaka wa kalenda. Mwili wangu ni mmoja, na vikomo hivyo huhesabiwa kwa mtu, awe amerukia kampuni moja au mbili. Lakini ratiba zinapotengenezwa na kompyuta mbili zisizosomana, anayebaki kujumlisha ni rubani mwenyewe, usiku hotelini, kwa kalamu. Nimefanya hivyo miezi na miezi.

Na abiria je? Hili nalo limenikera siku nyingi. Mtu ananunua tiketi yenye jina kubwa analoliamini, anafika mlangoni anakuta ndege ya jina jingine, yenye wafanyakazi wa mkataba mwingine. Tarehe 12 Februari 2009, ndege iliyouzwa kwa jina la Continental Connection lakini ikiendeshwa na Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walitaja kosa la kapteni katika kuitawala ndege ilipopungukiwa mwendo. Walieleza pia kwamba yaelekea uchovu uliwaathiri marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini. Baada ya hapo, sheria ya mwaka 2010 ikalazimisha wauza tiketi kumwonyesha mnunuzi tangu mwanzo ni shirika gani hasa litakalomrusha. Watu 50 walikufa kwanza.

Nirudi kwenye suala langu. Kabla ya kuazimwa nilikuwa narusha ndege kubwa za masafa marefu. Kampuni tanzu haikuwa nazo. Niliporudi, leseni yangu ya aina ile ya ndege ilikuwa imekwisha muda, nikangoja miezi saba nafasi ya mafunzo kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, nikilipwa mshahara wa msingi pekee bila posho ya saa za urukaji. Barua yangu ya kuazimwa ilisema nafasi yangu "italindwa". Niliondoka nikiwa wa 118 kwenye tange, nikarudi nikiwa wa 164.

Ninachotaka ni kidogo na kinatekelezeka. Barua ya kuazimwa iwe ya ukurasa mmoja. Namba ya tange iandikwe humo kwa tarakimu na kwa maneno, kama fedha zinavyoandikwa kwenye hundi. Iwepo tarehe ya kurudi, isiwe ile kauli ya "kulingana na mahitaji". Mafunzo ya kurudia ndege yako ya awali yapangwe kabla hujaondoka. Na liwepo jina la mtu mmoja, mtu na si idara, wa kupokea simu ya rubani aliyechoka saa yoyote ya usiku, asiyefanya kazi ofisi ya ratiba, na namba yake ichapwe nyuma ya kitambulisho cha kila aliyeazimwa. Simu hizo zirekodiwe.

Mwandishi wenu akitaka kuiona ile barua ya kujieleza, aje nimwonyeshe. Ninayo, pamoja na daftari nililojumlishia saa.

Kapteni, miaka 22 kazini
(Jina na anwani nimewapa)