YAH: MALALAMIKO KUHUSU "USIKU WA CHAKULA CHA MTAANI" BANGKOK NA MADAI YA KURUDISHIWA FEDHA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wale kina mama wa Kariakoo mliowapeleka Bangkok kufuata mzigo wa nguo kwenye masoko ya Pratunam na Bobae. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, fomu yangu mnayo, nakala ya stakabadhi mnayo, kwa hiyo hayo sitayarudia. Naandika kwa adabu, na naomba adabu hiyo msiione ni unyonge.

Mlituuzia, kwa dola 45 kila mmoja nje ya gharama za safari, jioni mliyoiita "Usiku wa Chakula cha Mtaani". Kipeperushi chenu kinasema tutakula Yaowarat, ule mtaa wa Wachina wa Bangkok, "kwa bei wanayolipa wenyeji". Tulichopata ni mgahawa wa samaki wenye kiyoyozi na matangi ya kamba mlangoni, bili ya baht 9,790, fedha ya Thailand, kwa watu sita, na mama mtu mzima kudhalilishwa mbele ya wahudumu.

Nianze na hilo la mwisho, maana pesa hutafutwa. Tulipokaa, yule mwenzetu mkubwa kuliko sote, ambaye sisi tunamwita Shangazi na ambaye ana kisukari, aliuliza mambo mawili tu: hawa kamba ni bei gani, na mafuta ya kupikia hapa yana nguruwe au hayana? Kijana wenu, mwongozaji mliyetupa, akamnyang'anya menyu mkononi, akaifunga, akamwambia: "Bibi, hapa si Kariakoo, hakuna kupatana bei. Kama mfuko hauruhusu, agiza wali mweupe na maji." Kisha akawageukia wahudumu akasema jambo kwa Kithai, wakacheka.

Nitarudi hapo. Kwanza naomba mnieleze habari ya Jumatatu. Yeyote anayeijua Yaowarat anajua kwamba Jumatatu mikokoteni mingi ya vyakula haitoki, ni siku ya mapumziko na usafi wa barabara. Hilo si la mteja kulijua, ni la kampuni inayouza usiku wa Yaowarat. Ratiba mliichapa wenyewe: Jumatatu, saa moja jioni. Tukashuka kituo cha treni cha Wat Mangkon, tukatembea, na barabara ambayo kwenye picha zenu ina moshi, makarai yanayowaka na watu waliobanana kwenye viti vya plastiki, tukaikuta nusu yake lami tupu na mabango ya taa za Kichina. Kijana wenu hata hakushtuka. Mtu aliyeshtukizwa husimama, huuliza, hupiga simu. Yeye alisema tu, "Leo kumepoa, lakini nina sehemu nzuri zaidi," akanyoosha njia mpaka mlango ule ule ambao mwenye mgahawa alimpokea kwa kumpigapiga begani.

Na picha ya Jay Fai inafanya nini kwenye kipeperushi chenu? Namsema mpishi yule wa Barabara ya Mahachai, anayepika na miwani mikubwa ya kuzuia mafuta, aliyepewa nyota ya Michelin, wale wanaopima migahawa ya dunia, tangu kitabu chao cha kwanza cha Bangkok kilipotoka mwishoni mwa 2017. Mayai yake ya kukaanga yaliyojazwa nyama ya kaa yanazidi baht 1,000, na watu hupanga foleni saa nyingi kuyapata. Kazi yake inajulikana, sibishani. Lakini hiyo siyo bei wanayolipa wenyeji, hayupo Yaowarat, na hatukupelekwa kwake. Mmeweka sura ya mama wa watu ili tutoe dola.

Bili nimeiambatanisha. Kamba waliuzwa kwa uzito, baht 4,200, bila bei kuandikwa popote isipokuwa neno "bei ya siku". Kilo nani aliipima, sisi hatukuona mizani. Chupa ndogo ya maji baht 60, wakati duka la jirani inauzwa chini ya baht 10. Juu yake asilimia 10 ya huduma. Kwa kiwango tulichobadilishia fedha, jumla ni zaidi ya laki saba na nusu za Kitanzania. Baada ya kulipa, nilimwona kijana wenu kaunta akipokea karatasi iliyokunjwa na kuitia mfuko wa nyuma. Sitasema ni cha juu. Nasema nilichokiona, nyie mtasema kilikuwa nini.

Sasa turudi mezani, kwa sababu dada wa ofisini kwenu alinijibu kwamba "kulikuwa na kutoelewana kidogo". Hakukuwa na kutoelewana. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anavaa miwani yake ya kusomea. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kamba, anatafuta namba na haioni, kwa sababu haikuwepo. Kijana alisimama nyuma yake, akapitisha mkono juu ya bega la mtu aliye sawa na mama yake mzazi, akaivuta ile menyu ya plastiki kwa nguvu mpaka ikagonga glasi, maji yakamwagika kwenye khanga yake. Hakusema samahani. Alisema lile neno la Kariakoo, la mfuko, la wali mweupe, kwa Kiswahili, kwa sauti, ili sote tusikie. Shangazi, ambaye ameuza madera kwa miaka mingi kuliko umri wa kijana yule na kusomesha watoto kwa hicho hicho kibanda cha Kariakoo, alivua miwani, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba. Akaagiza wali mweupe na maji. Akaula kwa ndimu. Sisi wengine tukala kwa aibu, wengine hawakula, maana swali la nguruwe halikujibiwa mpaka tunaondoka. Na bili ilipogawanywa, kijana wenu akahesabu vichwa: Shangazi akalipa zaidi ya baht 1,600 kwa sahani ya wali mtupu.

Kwenye fomu yenu kuna sehemu ya chakula. Niliandika kwa herufi kubwa HALALI, na wenzangu Waislamu waliandika hivyo hivyo. Yaowarat ni mtaa wa Wachina, nguruwe na mafuta yake ni jambo la kawaida jikoni kule, na hakuna wa kuwalaumu kwa kupika chakula cha kwao. Wa kulaumiwa ni aliyesoma fomu, au asiyeisoma, akapokea fedha.

Msije mkaniambia Bangkok ni ghali. Kesho yake mchana, pale Pratunam, tulimweleza mama mmoja muuza blauzi masaibu yetu kwa vidole na kwa simu ya kutafsiri. Alicheka kwanza, halafu akatuelekeza kichochoro cha Phetchaburi namba 7, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Kule kuna msikiti wa Darul Aman, na pembeni yake vibanda na migahawa ya Waislamu wa Thailand, imebandikwa ile nembo ya kijani ya halali, bei zimeandikwa ukutani kwa tarakimu ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma. Tulikula wali wao wa manjano na kuku, khao mok gai, wali umeiva na bizari, vitunguu vya kukaanga juu, matango pembeni, na kimchuzi cha kijani chachu chenye utamu kidogo. Baht 60. Shangazi aliagiza na supu ya mkia wa ng'ombe, akaimaliza mpaka mfupa, na hakuna aliyemuuliza habari za mfuko wake.

Yule muuza blauzi hakulipwa dola 45. Hakulipwa chochote. Lakini alitupa maelezo ambayo mwongozaji wenu mwenye fulana ya kampuni hakutupa: kaeni wanapokaa wasichana wa dukani saa sita mchana, anayeuza kitu kimoja au viwili tu ndiye anayekijua, bei isipoandikwa, nyanyukeni, mkichoka jua, pandeni juu ghorofa ya sita ya jengo la maduka la Platinum, kuna ukumbi wa chakula, unaweka hela kwenye kadi, unachagua kibanda, na hela inayobaki unarudishiwa. Ndivyo tulivyokula siku zote zilizobaki, kwa baht 50, 60, 80. Pale nje ya soko kuna mama anayetwanga som tam, ile saladi ya papai bichi. Anamenya papai, analikatakata kwa kisu likiwa mkononi, anatupia pilipili na kitunguu saumu kwenye kinu cha udongo, sukari ya mnazi, ndimu, kamba wakavu, anatwanga kwa mchi huku anakuuliza kwa vidole pilipili ngapi. Moja, alionyesha mwenzetu. Akaweka moja. Mbele ya macho yetu, na bei ubaoni.

Hicho ndicho tulichonunua kwenu, Ndugu Meneja. Kipo, ni kingi, ni kitamu, na mtu wa barabarani alitufikisha bila kutuchaji. Nyie mlichotufikishia ni mlango wa rafiki yenu.

Madai yangu yalikuwa madogo. Niliporudi nilimwandikia dada wa ofisini, kwa upole, kuomba nirudishiwe dola 45 na mgawo wangu wa bili. Alichukua muda wake, kisha akajibu: "Dada, si mlikula?" Jibu hilo nimelihifadhi, na saa yake, na jina la aliyeliandika.

Kwa hiyo nikakaa kuandika barua hii kudai, kwa niaba ya wote sita kwa idhini yao, dola 45 za kila mmoja pamoja na bili yote, ndani ya siku 14. Nikiwa nimefika hapa, Shangazi kanipigia simu. Anasema ofisi yenu imemtumia ujumbe wa kumpa punguzo la asilimia 10 kwenye safari ijayo, "kama shukrani kwa uvumilivu wake". Uvumilivu upi? Aliombwa lini avumilie? Mnamkata mtu jicho halafu mnamuuzia kitambaa cha kulifuta!

Basi yale ya siku 14 yafuteni. Nadai yafuatayo ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Dola 45 mara sita, na bili nzima ya baht 9,790, zirudishwe kwa fedha taslimu au benki. Barua ya kuomba radhi kwa Shangazi, yenye saini yako wewe Meneja na mhuri wa kampuni, na uipeleke wewe mwenyewe dukani kwake, si kwa mhudumu wala kwa WhatsApp. Na kijana yule asiongoze tena msafara wa mama yeyote wa Kariakoo.

Kuhusu kijana, ongezeni na hili kwenye faili lake. Ni Mtanzania mwenzetu, na shingoni hakuwa na kitambulisho chochote cha leseni. Sheria ya Thailand ya mwaka 2008 ya biashara ya utalii na waongozaji inataka mwongoza watalii awe raia wa nchi hiyo na awe na leseni. Polisi wa watalii wana namba yao, 1155, na mgahawa usioonyesha bei una namba ya kuulalamikia, 1569. Siku ile hatukuzipiga kwa sababu tulikuwa na aibu ya ugenini. Aibu hiyo imekwisha.

Siku ya nane isipokuwa na jibu, nakala ya barua hii, bili, kipeperushi na ule ujumbe wa "si mlikula" vitafikishwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na kwa mamlaka zinazowapa leseni ya wakala wa utalii. Baada ya hapo tutakutana mahakamani, na madai hayatakuwa ya bili tu, yatakuwa na fidia ya kudhalilishwa. Na mjue kwamba kina mama wanaofuata mzigo Bangkok, Guangzhou na Dubai wana makundi yao, wanajuana, na wanapeana habari kabla hamjafungua ofisi asubuhi. Msimu wa Idi mnawategemea hao hao.

Jina langu na namba ya simu mnavyo kwenye fomu, ile ile yenye neno HALALI.

Wenu katika kusubiri hundi,

Mteja, kwa niaba ya wenzake watano

Viambatanisho: bili ya mgahawa, kipeperushi, stakabadhi sita, picha ya ujumbe wa ofisi.

Nakala: Shangazi, dukani kwake, Kariakoo.