Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Ndugu wanachama, habari za kazi. Mwaka jana mlisema taarifa yangu ilikuwa ndefu kama hotuba ya bajeti, haya, leo nakata.

Mwezi wa saba ilizinduliwa Dira 2050, ile dira ya maendeleo ya taifa, kule Dodoma, lengo uchumi wa nchi ufike dola trilioni 1 ifikapo 2050, na kwenye grupu la wasap mkaanza kunitania "mwenyekiti sisi wa mashine za kusaga Manzese tutapata ngapi hapo". Cheka tu, ila mimi jambo hili linaninyima usingizi.

Tusiwe wachoyo wa shukrani, umeme umetulia. Mwishoni mwa 2023 mgao ulitufanya tusage saa nane za usiku, ila tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024, megawati 2,115 kwa jumla, mashine zinazunguka mchana kama za watu.

Kero ni vibali. 2019 ilipoanza ile Bluprinti, mpango wa serikali wa kupunguza vikwazo vya biashara, mambo ya chakula yakatoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS, shirika la viwango, mlango mmoja ukapungua, tukashangilia. Sasa nendeni Tandale kwa mama yetu mmoja wa siagi ya karanga, ukutani kabandika karatasi mpaka karibu na feni, kila moja inaisha kwa tarehe yake, na kila akienda kufuatilia moja anazima mashine na vijana wake wawili wanakaa tu nje wanacheza drafti.

Halafu kuna hili ambalo hatulisemi kwa sauti. Kizingiti cha kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kilipanda 2023 toka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi 200, afueni kweli, lakini wapo humuhumu wamegawa biashara, leseni ya baba na leseni ya mama, ghala moja, ili wasiguse hiyo 200. Siwalaumu sana, maana ukivuka unakutana na asilimia 18 wakati jirani yako ambaye hajavuka anauza bei ileile ya zamani. Mtu anaogopa kukua! Hiyo trilioni itatoka wapi?

Kamati tumekubaliana kuomba mawili: vibali vyote viishe tarehe moja na vilipwe kwa kontroli namba moja, yaani namba moja ya malipo ya serikali, na anayevuka kizingiti apewe muda wa kuzoea.

Wadaiwa wa ada mnajijua, mhazini anapita Jumatatu. Na mwenye daftari la mauzo la miezi sita aniletee, la kweli lakini, sio lile la kuonyesha maafisa, bila hilo tukipeleka maombi haya manispaa tutaonekana walalamishi tu.