Barua ya malalamiko: Mlifunga shokapu mpya, ubovu wa usukani mkauacha palepale

Meneja wa Huduma,
Karakana ya Magari,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: MTIKISIKO WA USUKANI KWENYE PIKAPU YA KUVUTA TELA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Land Cruiser pikapu, ile iitwayo mkonga, ninayoitumia kuvutia kompresa ya kuchimbia visima. Karakana yenu ilipokea kwangu TSh 2,760,000 ili iondoe mtikisiko wa usukani. Haikuuondoa. Iliufunika, ikamkabidhi dereva wangu gari lenye ubovu uleule na kumwambia limepona. Ninadai fedha zangu, na nitazitaja hapa chini shilingi kwa shilingi, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mlimrudisha mtu barabarani akiwa anaamini yuko salama.

Nilipolileta gari mwezi Machi nilieleza dalili zote, na mpokeaji wenu akaziandika kwenye kadi ya kazi. Gari likifika mwendo wa 70 au 80 kisha likapita juu ya kitu chochote, iwe rasta, kiraka cha lami au kiungio cha daraja, tairi za mbele zinaanza kupigapiga kushoto na kulia, usukani unamtoka dereva mikononi, na hali haitulii mpaka mwendo upungue karibu na kusimama. Nikaeleza pia kwamba likiwa na tela mambo huwa mabaya zaidi, ila hata likiwa tupu hutokea. Maneno hayo ya mwisho yapo kwenye kadi kwa mwandiko wa mtu wenu. Nimeambatisha nakala, maana baadaye niliambiwa hayakuwahi kusemwa.

Mchana wa siku hiyo nikapigiwa simu kwamba tairi zote nne hazifai. Nilikubali, kwa kuwa mtaalamu akisema tairi ni hatari sina sababu ya kubishana naye kwa simu. Tairi TSh 2,200,000. Shokapu ya stelingi TSh 320,000. Balansi na alaimenti (kunyoosha tairi) TSh 90,000. Ufundi TSh 150,000. Risiti ya EFD ninayo. Fundi aliyenikabidhi ufunguo akasema, "Shokapu ilikuwa imekufa, sasa hili gari limerudi kama jipya." Nilipomuuliza kama waliangalia viungo vya chini, alijibu kwamba alaimenti imesoma vizuri kwenye mashine.

Hapo ndipo penye kosa lenu, Ndugu Meneja, na naomba msome aya zinazofuata pamoja na mafundi wenu.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni nzima, kipande kimoja kutoka tairi hadi tairi. Haikufungwa kwenye chasisi moja kwa moja. Inaning'inia kwenye springi, na kinachoizuia isihame kwenda kushoto au kulia ni panadi rodi, ule mtaimbo uliofungwa upande mmoja kwenye chasisi na upande wa pili kwenye ekseli. Bushi zake zikilegea, au tundu la bolti yake likipanuka, ekseli inapata nafasi ya kuhama pembeni. Ikihama hata milimita chache, dragi linki, yaani mtaimbo unaopeleka mgeuko wa usukani kwenye tairi, ambayo yenyewe imeshikwa na boksi ya stelingi kwenye chasisi, inazigeuza tairi wakati dereva hajageuza chochote. Tairi zinarudi, zinapitiliza, zinarudi tena. Zikishaanza, hazihitaji shimo lingine, zinajiendesha zenyewe. Beringi za kingipini, zile ambazo tairi ya mbele huzungukia inapogeuka kushoto na kulia, zikiwa nazo zimelegea, hakuna tena kitu cha kuzikaza zitulie.

Shokapu ya stelingi haipo pale kushikilia ekseli. Kazi yake ni kumeza mishtuko midogo isifike mikononi mwa dereva. Ikifungwa mpya juu ya viungo vilivyolegea, itazuia kwa muda, gari litaonekana zuri kwenye mzunguko mfupi wa kujaribu mjini, na mteja atalipa aondoke. Viungo vinaendelea kulika chini yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii aliyekaribia kuumbuliwa si aliyeyaficha. Ni dereva wangu.

Alikuwa ametoka Dodoma kwenda Manyoni, kompresa ikiwa nyuma na kijana wa kazi kando yake. Wakiwa wamepita Bahi, kwenye mwendo wa 75 hivi, tairi ya kushoto ilikanyaga kiraka cha lami kilichoinuka. Usukani ulimpokonya mikono. Ulimpiga kidole gumba kikavimba, dashibodi ikatetemeka mpaka karatasi za gari zikamwagika miguuni mwa kijana, na mbele yao kulikuwa na basi linakuja. Hakukanyaga breki kwa nguvu, kwa kuwa anajua tela lenye uzito ule lingemsukuma kutoka nyuma. Aliachia mafuta, akaushika usukani upande mmoja bila kushindana nao, akaliacha gari lipoteze mwendo taratibu huku likila njia ya pembeni. Basi likapita. Waliposhuka kuangalia, shokapu yenu mpya ilikuwa tayari inavuja mafuta.

Huyu ni mtu mwenye watoto, anayefanya kazi yake kwa uangalifu. Kwamba wako hai ni kwa sababu ya utulivu wake, wala si kwa sababu ya kazi iliyofanyika kwenye karakana yenu.

Nilipolirudisha gari, msimamizi wenu hakulitazama hata chini. Aliitazama ndoano ya nyuma, akasema, "Shida ni tela lako, na waranti yetu haihusu gari linalovuta." Naomba nijibu yote mawili.

Kuhusu tela: kompresa ilipimwa kwenye mizani ya Nala ikiwa na uzito wa kilo 1,900, na tela lina breki zake. Uzito unaokaa kwenye ndoano tuliupima kwa mzani wa magunia, tukapata kilo 190, yaani sehemu moja ya kumi, kipimo ambacho watu wa matela wanakipendekeza. Tela linaloyumba lina namna yake ya kuyumba. Huanzia nyuma, husukuma mkia wa gari polepole huku na huku, na dereva hulihisi kiunoni kabla ya mikononi. Kilichotupata kilianzia mbele, kwa kasi kubwa, kwenye usukani wenyewe. Fundi wa stelingi anayeshindwa kutofautisha hivyo viwili hapaswi kupewa gari la mtu.

Ni kweli kwamba mzigo kwenye ndoano hubonyeza nyuma na kupunguza uzito kwenye tairi za mbele, kwa hiyo kiungo kilicholegea hupata uhuru zaidi wa kucheza. Hiyo ndiyo sababu nilieleza tangu mwanzo kwamba gari hili linavuta. Mlipaswa kukagua kwa makini zaidi kwa ajili hiyo. Badala yake mmeigeuza kuwa kisingizio cha kutokukagua kabisa. Na kuhusu waranti, ndoano ilikuwa imefungwa siku niliyowaletea gari na imetajwa kwenye kadi yenu. Hakuna aliyeniambia kwamba dhamana inaishia kwenye ndoano, wakati fedha zangu mlizipokea ndoano mkiiona.

Nikalipeleka gari kwa fundi wa mtaani Singida, asiye na mashine ya alaimenti wala ofisi yenye feni. Hakuliinua kwanza. Aliliacha likanyage chini kwa tairi zake, akawasha injini, akamweka kijana kwenye kiti amgeuzie usukani kidogokidogo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, yeye akalala chini na tochi. Baada ya muda mfupi akaniita nilale kando yake. Aliniwekea kidole mahali panadi rodi inapoungana na ekseli, nikahisi mwenyewe: bolti ilikuwa inatangulia, ekseli inafuata. Kila usukani ulipogeuzwa kulisikika "tak" ndogo ya chuma kwenye chuma. Alipoifungua, bushi ilikuwa imekwisha upande mmoja na tundu la bolti limepanuka kama umbo la yai. Kutu ya ndani ya tundu hilo ilikuwa ya siku nyingi. Ule ubovu ulikuwepo gari lilipokuwa kwenu.

Kisha akapiga jeki, akashika tairi juu na chini akaitikisa. Ilicheza. Akamwambia kijana akanyage breki, akatikisa tena. Bado ilicheza. Angekuta imetulia, tatizo lingekuwa beringi za tairi. Kwa kuwa iliendelea, tatizo lilikuwa beringi za kingipini. Alibadilisha za pande zote mbili, akaweka shimu, yaani vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, akapima ukazo wake kwa mzani wa springi kabla ya kufunga. Tundu lilijazwa na kutobolewa upya kwa kipimo, bushi mpya zikaingia. Kazi yote pamoja na vipuri ilinigharimu TSh 610,000. Kabla hajairudisha shokapu alilijaribu gari bila shokapu kabisa, mimi nikiwa ndani, juu ya kiraka kimoja baada ya kingine. Lilinyooka. Video ya bolti ikicheza ninayo kwenye simu, na bushi mbovu nimeihifadhi. Nitawaletea zote mbili mkitaka.

Kipimo kile cha kwanza kinahitaji watu wawili, tochi na dakika chache. Karakana yenu ina watu na ina shimo la kuingilia chini ya gari. Sioni sababu ya kutokukifanya.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Mnirudishie TSh 560,000, ambazo ni gharama ya shokapu, alaimenti na balansi, na ufundi wa kazi ambayo haikugusa tatizo. Mnirudishie tairi zangu nne za zamani, ambazo zilibaki kwenu bila idhini yangu, au mnilipe thamani yake. Zilikuwa na kashata (meno ya tairi) za kutosha na sasa nina mashaka kama zilihitaji kubadilishwa. Mnilipe pia TSh 610,000 nilizolipa Singida kwa kazi ambayo niliwalipa ninyi muifanye.

La mwisho halinihusu mimi. Kwenye daftari lenu mna orodha ya wateja waliokuja na malalamiko ya usukani kutikisika wakaondoka na shokapu mpya. Wapigieni simu. Wengine wanabeba wanafunzi, wengine wagonjwa, wengine wanashuka mlima Sekenke na mzigo. Warudi, magari yao yakaguliwe viungo vya chini bila malipo, na mafundi wenu waambiwe kwamba gari lenye dalili hizi halitoki getini kabla panadi rodi, tairodi (mtaimbo unaounganisha tairi za mbele) na kingipini hazijashikwa kwa mkono.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii kunijibu kwa maandishi. Mkikaa kimya, nitaipeleka pamoja na vielelezo vyake Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na nitamwomba dereva wangu aende akaeleze mwenyewe.

Gari lipo na linafanya kazi. Mkitaka kulikagua mbele yangu, semeni siku nami nitalileta.

Wenu,

Mmiliki wa gari